Simu imeisha chaji, au chaji ya simu imeisha?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeuza vifaa vya simu Kariakoo, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Juzi bosi alinitafuta wee hanipati, nilivowasha simu nikamwandikia kwenye grupu la kazini 'samahani bosi, simu iliisha chaji'. Kaka mmoja wa hapohapo dukani akanirukia mbele ya watu, eti simu haiishi, kinachoisha ni chaji, kwa hiyo niandike 'chaji ya simu iliisha'. Mwingine akasema hapana, sahihi ni 'simu iliishiwa na chaji'. Tangu hapo jamaa kapata mdomo, mteja akija akisema simu yake imeingia maji anaulizwa hiyo simu ina miguu? Nani yuko sahihi mwalimu, na pia naomba kujua ni chaja langu au chaja yangu."

Marahaba mdogo wangu. Ulichoandika kiko sawa, tena kuliko anachotaka kukufundisha huyo kaka. Hoja yake inavutia kwa sababu inafanana na hesabu, simu kitu kimoja, chaji kitu kingine, kilichoisha ni cha pili basi cha pili ndo kikae mbele. Sasa muulize, yeye akimwona jirani kafungwa plasta anasemaje? Atasema kavunjika mguu, na mtu mzima mzima havunjiki, kilichovunjika ni mguu. Halafu aende mbele, gari limepasuka tairi, mti umeota majani, mtoto kaota meno, na lile lori linalofeli breki kila tukisoma habari za ajali. Zote hizo kwa sheria yake zifutwe, na tukishazifuta sijui tutakuwa tunaongea nini.

Kiswahili kina utaratibu wake hapa na ni wa siku nyingi kabla simu haijafika. Unamweka mbele mwenye kitu, yaani kile kizima, kitenzi kinapatana naye, halafu kile kipande kilichopatwa na jambo kinafuata nyuma bila kiunganishi chochote. Simu imepasuka kioo. Simu imejaa memori. Simu imekufa spika. Hicho kinachofuata nyuma kinakaa pale ambapo yambwa, yaani kile kinachotendewa, ingekaa lakini si yambwa, na kulijua hilo ni rahisi, jaribu kukipachikia kiambishi ndani ya kitenzi uone. "Nimezima simu" inakubali, unasema "nimeizima simu". "Simu imeisha chaji" ukisema "simu imeiisha chaji" hata mtoto wa chekechea atacheka, na "ameuvunjika mguu" ni hivohivo. Kwa hiyo chaji pale haifanywi chochote na simu, iko pale kutuambia simu imeisha upande gani.

Ila utaratibu huu haukubali kila kitu. Lazima cha nyuma kiwe sehemu ya cha mbele, au kiwe ndani yake, au angalau kiwe kinategemewa na hicho cha mbele. Simu imepasuka kioo, sawa, kioo ni chake. Simu imepasuka kava, hapo mi nasita, kava unavua unatupa unanunua lingine, wengi watasema kava la simu limepasuka na mi ningesema hivohivo. Na simu imepasuka sahani haipo, hata kama ndo iliyoangukia sahani.

Sasa kwa nini tuwe na njia mbili kama maana ni ileile? Kwa sababu maana si ileile, au tuseme habari ni ileile ila anayezungumziwa si yuleyule. Bosi alikuuliza kwa nini hupatikani, mazungumzo yako kwenye simu yako, basi unajibu kwa kuanza na simu, simu iliisha chaji. Kama angekuuliza mbona pawabenki niliyokupa hukuitumia, hapo chaji ndo inazungumziwa na ungejibu chaji yake iliisha. Mteja anayekuja dukani kwenu kununua kioo anasema kioo kimepasuka nauziwa shilingi ngapi, yuleyule akivuka barabara kwenda kwa fundi anaweka simu mezani na kusema imepasuka kioo. Hajabadilisha sarufi kwa bahati mbaya, kabadilisha kilichopo mezani.

Mafundi ndo walimu wazuri wa jambo hili na hawajui. Pita mtaa wa Aggrey uangalie simu zilizopangwa kwenye droo ya fundi, kila moja mgongoni imebandikwa kipande cha selotepu ya karatasi, jina la mwenye simu limeandikwa kwa kalamu ya wino na chini yake ugonjwa: haiwaki, imekufa tachi, imeingia maji, haiingizi chaji, haikai na chaji. Nafasi ya kuandika ni kama vidole viwili, hakuna pa kuweka maelezo, na kila simu imeandikwa yenyewe kama mgonjwa kwenye faili. Hamna aliyeandika "chaji haiingii katika simu hii". Halafu ona hizo mbili za mwisho, ziko tofauti na fundi anazitofautisha kwa kitenzi tu, isiyoingiza chaji atachungulia tundu la chaja kwanza, isiyokaa na chaji atakimbilia betri.

Twende kwenye maji, maana hapo huyo kaka anadhani ndo kakamata. Simu imeingia maji, je simu ndo iliyoingia? Hapana, maji ndo yaliyoingia, na kila anayesikia anajua. Ni mtindo uleule, ila hapa cha mbele ni chombo au mahali na cha nyuma ndo kilichoingia humo. Wavuvi wa Feri watakwambia mtumbwi umeingia maji, nyumbani mnasema chumba kimeingia mbu, shamba limeingia nguruwe, na hakuna anayeelewa kwamba chumba kimewafuata mbu huko waliko. Simu ikianguka kwenye ndoo tunasema imeingia kwenye maji, au imetumbukia kwenye ndoo, hapo ndo yenyewe imekwenda. Neno moja tu "kwenye" na mwelekeo umegeuka. Simu iliyoingia kwenye maji ukaiwahi inaweza isiingie maji, siku hizi ziko nyingi za hivo.

Na kwenye waranti tofauti hizi zina pesa ndani yake. Imeingia maji, imemwagiwa maji, hazifanani, ya pili ina mtu aliyemwaga hata kama hajatajwa. Imepasuka na imepasuliwa vilevile. Ndo maana mteja anasema imepasuka yenyewe na muuzaji anauliza imepasuka au umeipasua, na wote wawili wanajua vizuri sana wanachogombania. Simu nyingi zina kistika cheupe ndani, kwenye nyingine unakiona ukichomoa kile kitrei cha laini, kikipata maji kinageuka chekundu, na hapo mjadala wa vitenzi unaisha. (Kuhusu mchele: Apple wenyewe wanasema usiizike simu kwenye mchele, vipande vidogo vya mchele vinaweza kuiharibu, kwa hiyo mchele upikwe uliwe.)

Kama huyo kaka bado anang'ang'ania kwamba lugha iseme kile hasa kilichotokea, basi mwambie hata hiyo ya kwake ni ya uongo. Betri hizi za lithiamu seli ikijaa inafika kwenye volti 4.2 hivi, nyingine zaidi kidogo, na simu inajizima ikiwa bado iko volti 3 na kitu, kwa sababu ukiiacha ishuke mpaka chini kabisa seli inaharibika. Ile sifuri unayoiona kwenye kioo ni sifuri ya kuwekwa. Chaji haijaisha. Kwa hiyo kwa kufuata ukweli wa fundi umeme yeye angetakiwa kuandika kwenye grupu kwamba simu ilijizima ili kulinda betri, sijui bosi angemwelewaje.

Yule wa tatu wa "iliishiwa" hajakosea, ila kaja na kitu kingine. Kuishiwa kuko kundi moja na kufiwa na kuibiwa, jambo linatokea kwa kimoja na machungu anayapata mwingine. Pesa imeisha, mi nimeishiwa. Mjomba amefariki, sisi tumefiwa. Hapa nitie neno kwa sababu naliona kila siku: simu imeibwa, mimi nimeibiwa. Watu wanaandika "simu yangu imeibiwa" na ukiisoma kwa makini inakuwa kama simu ndo imeporwa mali yake. Sema nimeibiwa simu, imekaa vizuri na polisi wataielewa. Basi nimeishiwa chaji, nimeishiwa bando, nimeishiwa salio ni Kiswahili kizuri, na hiyo "na" ya katikati weka au acha, Dar wengi wanaiacha. Simu iliishiwa chaji inawezekana pia, unaichukulia simu kama mtu aliyepatwa, haina kosa, ila haikuwa lazima. Angalia tu usiishie njiani, ukisema nimeishiwa halafu ukanyamaza, mtu ataelewa huna hela.

Na hii ya vijana, "nimeisha chaji", nayo naisikia sana. Kwenye meseji ya mshikaji sina neno nayo, ni utani mzuri, mtu kajigeuza simu. Kwa bosi usiiandike.

Kuna kitenzi kimoja nataka nikiongeze kwa sababu kinakaa jirani na hiki na kinachanganya watu, nacho ni kuzima. Chenyewe kinakwenda pande zote mbili, nimezima simu na simu imezima, zote sawa. Simu imezimika ni imezima yenyewe hukutaka, imezimwa kuna aliyeizima. Nafikiri mnakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, walivotekeleza lile agizo la kuzima simu feki, kabla ya hapo watu walikuwa wanabonyeza *#06# wapate namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu, waitume kwenda 15090 kujua kama simu yao ni halali. Zile simu zilizimwa. Magazeti yaliandika zimezimwa na mitaani tulisema zimezimwa, hakuna aliyesema zimezimika, kwa sababu mzimaji alikuwa anajulikana na tarehe alikuwa ametangaza. Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole nazo, Januari 2020, zilifungwa, hazikujifunga. Sasa wewe ungemwandikia bosi "simu ilizimwa" angekuuliza na nani, na hapo ndo ungeanza kujieleza vibaya.

Chaja: ni chaja yangu, wingi chaja zangu. Bando ndo langu, mabando yetu. Machaja nimeyasikia sana hapo Kariakoo kwenye mauzo ya jumla, katoni nzima ya machaja, mdomoni haina shida ila kwenye risiti andika chaja.