Wasomaji Wanauliza: Yule jenerali wa mizinga aliyepewa Berlin

SWALI: Mhariri shikamoo. Kuna ubishi hapa kijiweni, jamaa anasema eti jenerali aliyelinda Berlin mwaka 1945 alikuwa ameshahukumiwa na Hitler kupigwa risasi, halafu kesho yake akapewa mji mzima aulinde. Mimi nasema ni chumvi. Na kama alikuwa mtu wa mizinga, mbona mizinga haikumsaidia?

JIBU: Marahaba. Ubishi umeshindwa ndugu yangu, jamaa yako yuko sahihi. Anaitwa Helmuth Weidling, Jenerali wa Mizinga, na wakati huo alikuwa anaongoza Kikosi cha 56 cha Vifaru ambacho kilikuwa kimepondwa vibaya na Wasovieti kule vilima vya Seelow, mashariki ya mji. Mawasiliano yakakatika, uvumi ukafika kwa Hitler kwamba Weidling amehamisha makao yake magharibi ya Berlin, yaani amekimbia, amri ikatoka apigwe risasi. Yeye badala ya kujificha akaenda mwenyewe mpaka kwenye handaki la Hitler tarehe 23 Aprili, akaeleza vikosi vyake viko wapi hasa, na Hitler akapendezwa naye kiasi kwamba akamkabidhi ulinzi wa Berlin nzima. Inasemekana mwenyewe alijibu kwamba bora wangempiga risasi tu, na ukiangalia alichopewa utamwelewa.

Maana alipewa nini? Mabaki ya vikosi, askari kama 45,000 hivi waliochoka, na juu yao polisi, mgambo wa wazee na watoto wa umoja wa vijana wa Hitler waliobebeshwa silaha za kulipua vifaru. Mbele yao Wasovieti zaidi ya milioni moja.

Sasa hiyo mizinga. Mtu wa mizinga anahitaji vitu vitatu, aone anapopiga, awe na simu inayofanya kazi, na awe na makombora ya kutosha. Weidling hakuwa na hata kimoja cha uhakika, vita vilikuwa vya nyumba kwa nyumba, na makombora yalikuwa yanaisha. Mizinga mikubwa ya kutungulia ndege iliyokuwa juu ya ule mnara wa zege karibu na Zoo, yaani bustani ya wanyama, iliwasumbua Wasovieti kweli, lakini mnara mmoja haulindi mji. Kwa maoni yangu ujuzi wake ulimsaidia kwenye jambo moja tu, hesabu. Asubuhi ya tarehe 30 Aprili alimwambia Hitler waziwazi kwamba risasi na makombora yataisha usiku huohuo. Kabla ya hapo alishampelekea mpango wa kuvunja mzingiro na kutoka, ukakataliwa. Mchana ule Hitler akajiua.

SWALI: Kwani si Krebs, yule mkuu wa majeshi wa Hitler, ndiye aliyesalimisha Berlin?

JIBU: Hapana, Krebs alikwenda tu kuzungumza na Jenerali Chuikov wa Wasovieti, yule aliyelinda mji wa Stalingrad, alfajiri ya tarehe 1 Mei, lakini Wasovieti walitaka wajisalimishe bila masharti na Goebbels, waziri wa propaganda aliyeachiwa madaraka na Hitler, akagoma. Jioni Goebbels naye akajiua, Krebs akafuata saa chache baadaye, na Weidling akabaki hana bosi wa kumkatalia. Alfajiri ya tarehe 2 Mei akavuka mstari wa mapigano, akapelekwa kwa Chuikov huko Tempelhof, mtaa wa Berlin, na kuandika amri ya kuacha kupigana, ndani yake akasema wazi kwamba Hitler amejiua na kuwaacha waliomwapia, na kila anayeendelea kupigana anawaongezea mateso raia na majeruhi. Ikasomwa mitaani kwa vipaza sauti vya magari. Wapo wanaomwita msaliti kwa hilo, mimi naona alichelewa, watu wengi walikufa zile siku chache kwa mji ambao yeye mwenyewe alishajua umeanguka.

Alichukuliwa mateka na Wasovieti, mwaka 1952 akahukumiwa kifungo cha miaka 25 na kufia gerezani Vladimir, Urusi, Novemba 1955.