Paa la nyasi juu ya vioo

SWALI: Habari mhariri, kamati yetu inataka kujenga kituo cha utamaduni, sasa msanifu katuletea mchoro wa jengo la vioo halafu juu kabandika paa la nyasi eti ndo asili yetu, wazee wamenuna kweli, tumwambieje?

JIBU: Wana haki ya kununa, hiyo ni kofia tu. Mchoro uwekwe pembeni kwanza, aje akae na watu aulize ngoma inachezwa kwa duara au mstari, wazee wanakaa upande gani, moto unawashwa wapi, na vitu gani mgeni haruhusiwi kuviona (hapa ndo wengi wanaharibu). Majibu hayo ndo yanachora jengo. Cheki kituo cha utamaduni cha Jean-Marie Tjibaou kule Nouméa, Kaledonia Mpya (visiwa vya Pasifiki), kilichofunguliwa 1998, msanifu Renzo Piano hakukopi nyumba za Wakanak, wenyeji wa huko, alichukua umbo lake na namna zinavyopitisha upepo akasimamisha majengo 10 ya mbao za mvule, refu kabisa mita 28, na kwa juu yanaonekana kama hayajaisha, makusudi kabisa, maana utamaduni wenyewe nao bado unaendelea. Au shule ya Gando, Burkina Faso, ya msanifu Francis Kéré, 2001: wanakijiji wenyewe walijenga kwa matofali ya udongo, bati likainuliwa juu ya dari joto litoke.

Halafu muulizeni hizo nyasi zikioza nani atapanda kuzibadilisha na kwa hela ipi.