Stoo Imejaa, Mfumo Unaagiza Tena: Maswali na Majibu Kuhusu Upangaji wa Uzalishaji

Safari hii karibu maswali yote yametoka kwa watu wa mipango, ununuzi na stoo, katika viwanda vinavyoendesha shughuli zote kwa mfumo mmoja wa kompyuta. Nimejaribu kujibu kwa namna itakayofaa mfumo wowote, na pale ambapo jibu linahusu SAP, mojawapo ya mifumo hiyo ya kompyuta, peke yake nimelisema hilo wazi.

Swali: Stoo yetu imejaa miguu ya meza, lakini kila asubuhi tunakuta mfumo umependekeza tununue mingine. Je, programu ina kasoro?

Kasoro ya programu iwe jambo la mwisho kulishuku. Tuifuate kwanza hesabu yenyewe. Tuseme kuna oda ya meza 120, na orodha ya vijenzi inaonyesha kwamba kila meza hutumia miguu 4. Mahitaji yote basi ni miguu 480. Stooni ipo 300, na oda ya ununuzi ya miguu 100 iko njiani, kwa hiyo pungufu ni 80. Kama mmeuelekeza mfumo uagize kwa mafungu ya 200, pendekezo litatoka la miguu 200, na mtu anayepita stooni na kuliona rundo la miguu 300 atasema kompyuta imechanganyikiwa. Yeye anatazama kilichopo leo, ilhali mfumo umekwisha kuondoa kile kilichoahidiwa kwa oda za mbele. Akiba ya tahadhari, yaani kiasi kinachowekwa stooni kwa dharura, nayo huwasahaulisha wengi: mkiweka 50, kwa kawaida mfumo hauihesabu kama mzigo wa kutumia, na pungufu hupanda kutoka 80 hadi 130.

Ikiwa baada ya hesabu hiyo pendekezo bado halina maana, tafuteni kwanza oda kuukuu za uzalishaji ambazo kazi yake ilikwisha lakini hazijafungwa, kwa kuwa zinaendelea kushikilia vijenzi. Kisha angalieni mzigo uliozuiwa kwa sababu za ubora, ambao jicho linauona lakini hesabu ya mahitaji inauruka, na sehemu za stoo zilizotengwa nje ya upangaji. Katika SAP, fungueni orodha ya stoki na mahitaji kwa MD04 (msimbo wa kufungulia skrini hiyo) na muisome mstari kwa mstari kutoka juu, mkiangalia ni wapi salio linakuwa hasi. Niliwahi kuketi na mpangaji mmoja tukakuta oda iliyobakiza vipande vitatu kwa zaidi ya mwaka mzima. Hakuna aliyekusudia kuvitengeneza, wala hakuna aliyejiona ana wajibu wa kuifunga. Chini yake zilikuwapo nyingine arobaini na kitu za namna hiyohiyo.

Swali: Mnunuzi ameweka siku 30 za kusubiri mzigo, nami nimeweka siku 10 za kutengeneza. Mbona tarehe za mfumo hazilingani na kalenda yangu?

Kwa sababu siku hizo si za aina moja. Katika SAP, muda wa kusubiri mzigo kutoka kwa msambazaji huhesabiwa kwa siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwamo, lakini muda wa kutengeneza ndani ya kiwanda, pamoja na muda wa kupokea na kukagua mzigo, huhesabiwa kwa siku za kazi. Siku zako 10, kwa kiwanda kinachofanya kazi siku tano kwa wiki, ni wiki mbili kamili. Mnunuzi naye, ikiwa msambazaji alimwambia siku 30 za kazi, alipaswa kuandika 42.

Niongeze jambo ambalo hukuliuliza. Usijaze siku za ziada kwa ajili ya usalama katika kila ngazi. Bidhaa yenye ngazi tatu za utengenezaji, kila moja ikiwa imeongezewa siku tano, italeta malighafi siku kumi na tano kabla ya haja, na hapo ndipo watu huanza kulalamika kwamba stoo haina nafasi.

Swali: Tunapoteza asilimia 10 ya meza kwenye rangi. Tumeweka asilimia 10 ya hasara, lakini bado hatufikishi oda.

Asilimia 10 ya meza 100 ni 10, kwa hiyo mfumo unapanga 110. Mkipoteza asilimia 10 ya hizo 110, mnabaki na 99. Gawanyeni 100 kwa 0.9 mpate 111.1, na kwa kuwa hakuna meza ya robo, zinazotakiwa ni 112. Wekeni basi asilimia 12. Mwangalie pia kwamba hasara hiyohiyo haikuandikwa tena kwenye kijenzi, maana itahesabiwa mara mbili.

Swali: Waya wetu uliandikishwa kwa kilo, lakini mafundi wanautumia kwa mita. Mfumo unakataa kubadilisha kipimo cha msingi.

Unakataa kwa haki. Kwa kuwa stoki na oda zimekwisha kuandikwa kwa kilo, kugeuza kipimo kungeharibu kila nambari iliyotangulia. Ikiwa mita moja ya waya huo ina uzito uleule daima, bakini na kilo na mwongeze uwiano wa kugeuza, kisha mita iwe kipimo cha kutolea stooni. Uzito ukibadilika kutoka mzigo mmoja hadi mwingine, fungueni kodi mpya (namba inayotambulisha bidhaa kwenye mfumo) kwa mita, mhamishe stoki na kuifunga ile ya zamani. Ni kazi ya siku chache yenye kuudhi, lakini uwiano wa kubahatisha huleta tofauti katika kila hesabu ya stoo.

Swali: Kila asubuhi napata jumbe za tahadhari zaidi ya 600. Nianzie wapi?

Anza na zenye tarehe iliyokwisha kupita, kwa sababu oda ambayo mfumo unaamini ingefika wiki iliyopita inapotosha kila kinachofuata. Katika SAP, ambako kila aina ya ujumbe ina namba yake, baada ya hapo tazama namba 10, inayokutaka uwahishe oda, na hasa kwa oda za wiki mbili zijazo. Namba 15, ya kuahirisha, na namba 20, ya kufuta, hazipigi kelele kwa kuwa hakuna mtambo utakaosimama, lakini fedha zenu zimelala humo; zitengee siku moja kila wiki pamoja na mnunuzi. Ukiona ujumbe uleule kwa bidhaa ileile siku tano mfululizo, acha kuijibu oda na ukague muda au kiasi kilichowekwa kwenye rekodi ya bidhaa hiyo.

Swali: Nani aruhusiwe kufungua kodi mpya za malighafi?

Watu wachache sana, wawili au watatu, hata kama idara nyingine zitanung'unika. Mtu mmoja akiandika “Bolti M8 x 40” na mwenzake “Bolti ya chuma 8/40”, stoki ya kitu kimoja hugawanyika katika kodi mbili, na upande mmoja unaagiza huku upande wa pili umelala. Kubalianeni mpangilio mmoja wa maelezo: jina la kitu kwanza, kisha vipimo, kisha aina ya chuma au rangi, mkikumbuka kwamba SAP inatoa herufi 40 tu kwa maelezo hayo. Anayetaka kodi mpya ajaze ombi, na mfunguaji atafute kwanza kwa vipimo peke yake, “8” na “40”, kabla ya kutafuta kwa jina.