Namugongo kwa miguu, bila wakala: jibu kwa binti wa Muleba

"Shikamoo mama. Nimeambiwa ulitoka Bukoba mpaka Namugongo kwa miguu, peke yako, bila kikundi wala wakala. Na mimi natamani kwenda mwakani. Nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Kwa asiyejua, Namugongo iko Uganda, ndipo walipochomwa wengi wa mashahidi wa Uganda, na hija yake ni kila Juni 3. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu swali lako nimeulizwa sokoni, nimeulizwa kwenye daladala, nimeulizwa hata msibani. Na wewe mwingine unayesoma najua nia hiyo unayo, umeiahirisha tu.

Nianze na wakala, maana donge langu liko hapo. Mwaka 2020 akina mama wa jumuiya yetu tulikuwa tumeshachanga na kumaliza. Mwenye ofisi ya safari alituandikia risiti nzuri zenye mhuri: basi, malazi, chakula, fulana yenye picha ya Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi hao. Korona ikaingia, hija ikasitishwa. Hilo si kosa lake. Lakini fedha zetu? Tulizifuata pale ofisini hadi siku tuliyokuta pamegeuzwa saluni. Mimi ni fundi cherehani. Nilipiga hesabu ni nguo ngapi za komunio ya kwanza nilizoshona usiku ili zikazame pale, na sijasahau hadi leo. Mwaka 2021 nako Namugongo waliruhusiwa watu wachache sana, sisi wengine tukasali tukiwa tumeinamia simu. Nikasema, siku nitakayokwenda nitakwenda kwa miguu yangu, na hakuna mtu atakayenikatia risiti.

Kwenye jumuiya walicheka. Mmoja alisema mama huyu anatafuta kuandikwa kwenye kalenda ya watakatifu. Huyo huyo ndiye aliyewahi mlangoni kwangu niliporudi, kuomba maji ya Namugongo. Nilimpa. Nusu chupa.

Sasa sikiliza. Njia yenyewe haina fumbo. Bukoba hadi Mutukula kupitia Kyaka ni kama kilomita 80. Mutukula hadi Masaka kupitia Kyotera ni kama 90. Masaka hadi Kampala ni kama 130, na Namugongo iko mbele kidogo ya jiji. Ni zaidi ya kilomita 300, lami mwanzo hadi mwisho, na ukipotea kila mtoto wa shule atakuonyesha. Kwa hiyo anayekuuzia "kiongozi wa njia" sijui anakuuzia nini. Mchana unajiendesha wenyewe. Kinachotaka mpango ni jioni: jua likizama utakuwa kwenye ua wa nani?

Jibu langu ni barua ya paroko. Nitairudia mpaka uchoke. Nilipomwendea paroko wetu alinitazama kwanza miguu, kisha uso.

"Mama, nani atakuwa nawe?"

"Nitakuwa na barua yako, padre."

Alikaa nayo Jumapili mbili. Nadhani alitumaini nitabadili mawazo. Mwishoni aliandika aya moja kwa Kiswahili: jina langu, parokia yangu, kwamba ni mkristo mwenye kushiriki sakramenti, kwamba nakwenda kuhiji Namugongo kwa miguu, na namba ya simu ya parokia kwa atakayetaka kuhakikisha. Nikamwomba kwa heshima aongeze aya ya Kiingereza, kwa sababu ukishavuka Mutukula si kila padre atasoma Kiswahili. Akagonga mhuri wa parokia. Nikatoa nakala kadhaa, ile yenyewe nikaifunga kwenye nailoni na kuishonea mfuko ndani ya koti.

Barua hiyo ndiyo iliyonilaza. Nimelala kwenye madarasa, kwenye stoo ya masista katikati ya magunia ya maharage, na kwenye mkeka ndani ya kigango, kanisa dogo la kijijini, ambacho hakikuwa na mlango. Mei nzima mahujaji wanapita barabara ile, parokia zimezoea, lakini zimezoea vikundi vyenye kiongozi na bendera. Mwanamke mmoja mwenye begi wanamtilia shaka mpaka waione karatasi. Fika mapema, saa tisa alasiri isikupite. Mtafute katekista au masista kabla ya kumtafuta padre. Usianze kwa kuomba kitanda. Salimia, toa barua, uliza hujaji anaweza kujilaza wapi. Na usile bure. Mimi nilibeba sindano, uzi, mkasi na futi ya cherehani. Kila nilipolala niliuliza kama kuna vazi la ibada lililofumuka, na hapajawahi kukosekana. Kuna parokia moja karibu na Masaka nilipindia vitambaa vyote vya altare, wakataka nibaki wiki. Wewe sijui mkono wako unajua nini. Kama hujui kitu, osha vyombo.

Mpakani nako nilipata kisa. Kituo cha Mutukula ni cha pamoja, unagongewa mhuri wa kutoka na wa kuingia humo humo. Afisa wa upande wa pili alichukua pasipoti yangu, akaangalia nyuma yangu.

"Gari gani?"

"Sina gari, mwanangu. Natembea."

"Mpaka wapi?"

"Namugongo."

Alimwita mwenzake aje anione. Wakaniomba niwaombee, wote wawili, mmoja akataja na jina la mkewe. Lakini huruma yao isingenivusha bila karatasi. Ndugu zetu Wakenya wanaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, sisi usijaribu. Pata pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Badili fedha kidogo hapo hapo mpakani, uijue bei kabla hujatoa noti mfukoni.

Ukivuka, kuwa mpole na Kiswahili chako. Kwa wazee wengi wa Buganda, Kiswahili kilikuja kikiwa mdomoni mwa askari. Sisi Wahaya tuna bahati, ukisikiliza Kiganda kwa makini maneno mengi unayakuta kama ya nyumbani, na kupiga goti unapomsalimia mkubwa tumelelewa nako. "Wasuze otya" asubuhi, "osiibye otya" mchana, "weebale" kwa kila kitu. Karibu na Kyotera mzee mmoja aliponisikia natoka Tanzania alicheka mpaka akakohoa. Akasema Watanzania wa mwisho aliowaona wakipita pale kwa miguu ilikuwa 1979, nao walikuwa na bunduki. Kisha akanipa ndizi.

Miguu. Kila mtu anauliza viatu, kama vile viatu ndivyo vinavyohiji. Usianze na kiatu kipya. Basi. Mimi nilikizoeza changu kila Jumamosi, Bukoba hadi misheni ya Kashozi na kurudi, tangu Januari. Paka mafuta ya mgando katikati ya vidole kila asubuhi, vaa soksi kavu, na lengelenge likitoka usilichune ngozi. Kilomita 20 hadi 25 kwa siku zinatosha, na kila baada ya siku chache lala tu. Anza alfajiri, saa sita uwe kivulini. Mei ni mwezi wa mvua kule, mchana inaweza kukukuta porini, kwa hiyo koti la mvua kwanza, nguo za kubadili baadaye. Begi langu lilikuwa na kanga mbili, sweta, tochi, dawa ya mseto, chumvi na sukari za kuchanganya kwenye maji, rozari. Kila nilichoongeza nilikigawa kabla ya Masaka.

Tembea upande wa kulia, uyaone magari yanayokuja usoni. Vaa reflekta kama za bodaboda. Na wewe binti, akikuuliza kijana barabarani uko na nani, sema wenzako wako nyuma, wanakuja. Niliusema uongo huo kila siku, na Namugongo nikauungama.

Kuna sehemu moja nitakayokutisha makusudi. Ukitoka Lukaya kuelekea Kampala unaingia Lwera, bwawa refu la mafunjo, na malori ya mchanga yanakupita karibu uhisi upepo wake kwenye sketi. Nyumba ni chache, kivuli hakuna. Mwezi Mei 2023 mto Katonga ulifurika ukaikata barabara hiyo, magari yakazungushwa mbali. Kwa hiyo lala Lukaya, uliza hali ya barabara usiku ule, na uondoke alfajiri na maji ya kutosha. Hapo peke yangu sikupita. Nilisubiri kikundi cha vijana wa Masaka nikajiunga nyuma yao, tukaagana upande wa pili. Mtu asikuambie umevunja nadhiri. (Lukaya penyewe palinichekesha: wachuuzi wa nyama choma na gonja wanakimbilia kila basi wakiinua vijiti madirishani, mimi niliyesimama mbele yao na njaa yangu hakuna aliyeniona.)

Kayabwe kuna alama ya ikweta, watalii wanapiga picha. Mpambire wanatengeneza ngoma. Nilipita.

Kampala usiiingie jioni. Lala nje ya mji, ingia asubuhi. Na usikimbilie Namugongo moja kwa moja, shuka kwanza Munyonyo. Hapo ndipo Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alipowahukumu mashahidi mwishoni mwa Mei 1886, hapo ndipo Andrea Kagwa alipouawa tarehe 26. Wengine walifungwa wakaswagwa kuelekea Namugongo. Matia Mulumba alikatwakatwa akaachwa afe pale panapoitwa leo Old Kampala, akafa baada ya siku tatu. Kizito alikuwa mtoto wa miaka kama 14. Mbaga Tuzinde alikuwa kijana wa nyumbani kwa Mukajanga, mkuu wa wauaji mwenyewe, aliyembembeleza ajifiche tu apone. Akakataa. Ukitoka Munyonyo kwa miguu unatembea walikotembea, na kidonda cha kisigino kinakosa mtu wa kukilalamikia.

Hapa niseme kitu, na mtakaochukia mchukie. Nimewaona mahujaji wa mabasi wakishuka na viti vya plastiki na kuku wa kukaanga, wanapiga picha mbele ya basilika, wanauliza choo kiko wapi, wanapanda, wanaondoka. Hawajaihesabu hata ile nguzo moja kati ya zile 22 zilizobeba paa, ambazo ni hesabu ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Hawajavuka hata kwenda kwenye eneo la Waanglikana, ambalo liko pale pale, na ambako nao wanakumbuka wafiadini 23. Walichomwa pamoja, moto haukuuliza dhehebu, sisi tunashindwa kutembea dakika chache. Wakala hawezi kukuuzia hiyo, kwa sababu haimo kwenye ratiba yake. Ratiba yake ina kuku.

Najua wapo wagonjwa na wazee ambao basi ndiyo miguu yao. Siwasemi hao. Nawasema wenye magoti mazima.

Sisi watu wa Bukoba tuna sababu ya ziada. Mimi niliondokea kwenye kaburi la Kardinali Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, 1960, katika kanisa kuu letu. Nikapita Masaka, jimbo la Joseph Kiwanuka, aliyewekwa askofu mwaka 1939, wakati karibu majimbo yote ya Kikatoliki kusini mwa Sahara yalikuwa chini ya maaskofu wazungu. Barabara ile ni ya kwetu. Kuipita umelala kwenye kiti cha basi pazia limefungwa, kwangu ni hasara.

Namugongo fika siku chache kabla ya Juni 3. Ukifika tarehe 2 hutapata pa kutandika kanga. Watu ni bahari, simu hazishiki, wezi nao wamehiji, kwa hiyo fedha iwe mwilini na barua iwe mwilini. Barua hiyo hiyo ndiyo iliyonipatia nafasi ya kulala kwa masista wakati maelfu wamelala majanini na mvua. Chota maji yako mapema, foleni ya asubuhi ya sikukuu ni ndefu kuliko misa.

Kurudi ni kwa basi, hakuna aliyeweka nadhiri ya kurudi kwa miguu. Tiketi ya Bukoba ikate siku utakayoingia Kampala, usingoje Juni 3 mchana kila mtu akitaka kiti kimoja. Mimi nilikata ya tarehe 5, nikalala siku nzima katikati, na nilipopanda nikachagua dirisha la kushoto. Lwera tuliivuka kwa muda mfupi sana. Jirani yangu wa kiti alikuwa amesinzia, nikamwamsha nimwonyeshe nilipokaa kufunga kiatu. Hakufurahi.