rmmod inakataa kutoa moduli: usijihesabie ukiwa ndani

Ndugu wa Gulu, umesema draiva yako ya kihisi cha tangi la maji, iliyo moduli (kipande cha msimbo kinachopakiwa ndani ya kerneli, kiini cha Linux), haitoki; rmmod, amri ya kuondoa moduli, inadai inatumika na hakuna programu iliyoifungua. Tena ndani ya open, fankisheni inayoitwa faili la draiva likifunguliwa, umeweka try_module_get(THIS_MODULE), yaani moduli inajipandishia yenyewe hesabu ya wanaoitumia.

Futa mstari huo. Hata mimi niliuandika nilipoanza kazi hizi hapa Kampala. Open yangu ilipandisha hesabu kwanza, ndipo ikaomba kumbukumbu. Ombi likigonga mwamba narudisha -ENOMEM (kosa la kukosa kumbukumbu), module_put ya kushusha hesabu nimeisahau. Open ikishindwa, release (fankisheni ya kufunga faili) haiitwi kabisa, basi deni linabaki. lsmod, amri ya kuorodhesha moduli, ikawa inaonyesha hesabu ya 3 na mtumiaji hayupo. Dawa ni kuzima mashine na kuiwasha upya. Hiyo rmmod -f ya kuondoa kwa nguvu usiiguse, utajitafutia balaa.

Lakini hata ukizisawazisha get na put, bado kuna shimo. Ni sawa na kuingia nyumba inayobomolewa, ukafika sebuleni ndipo upige kelele kwamba umo, na tingatinga limeshang'oa ukuta. Kati ya kuingia kwenye fankisheni na kupandisha hesabu, moduli inaweza kuondolewa. Anayehesabu awe nje, kabla ya mguu kuvuka kizingiti. Kasoro hiyo ilikuwamo katika MOD_INC_USE_COUNT, makro ya kupandisha hesabu ya enzi za Linux 2.4.

Wewe andika tu .owner = THIS_MODULE kwenye file_operations, jedwali linaloorodhesha open, release na fankisheni nyingine za draiva. Kerneli itachukua hesabu kabla ya kuita open yako na kuirudisha faili likifungwa. Open ikishindwa, inairudisha yenyewe. Ukiacha .owner tupu hutaona kosa lolote, kwa sababu try_module_get ikipewa NULL inakubali tu. Utaliona siku mtu atakapotoa moduli na faili bado liko wazi.

Ukiita moduli ya mwenzako, hapo try_module_get ni yako, na jibu lake ulisome: likiwa false, moduli iko njiani kuondoka, usiiguse.

Thredi za kerneli, yaani kazi ambazo moduli yako inaziendesha pembeni, nazo zina mtego wao. Thredi ikiita module_put kama mstari wake wa mwisho, bado ina maagizo ya kurudi ya kutekeleza, na msimbo huenda umeshafutwa. Kuanzia 5.17 tumia module_put_and_kthread_exit, au isimamishe kwa kthread_stop ndani ya exit, fankisheni inayoitwa moduli ikiondolewa. Taima na kazi za foleni pia zisimamishwe humo.

Weka hapa open na release zako, pamoja na namba iliyo kwenye /sys/module/ ya draiva yako, faili refcnt, kabla na baada ya kuendesha programu.