Tumbawe Likipauka, Usikimbilie Chupa ya Dawa

Matumbawe yangu hayakuuawa na mwani. Niliyaua mimi mwenyewe, nikipigana na mwani.

Tangi langu la lita 200, la maji ya chumvi, ninamofuga samaki na matumbawe nyumbani, lilikuwa limefikisha mwaka na nusu. Mwani wa kijani, ule mrefu unaoyumba kama nywele, ukaota kwenye jiwe moja karibu na pampu, ukahamia la pili, na mimi nikaanza kuona aibu wageni wakija. Nikapima fosfeti, kirutubisho kinacholisha mwani, nikapata 0.15 mg kwa lita. Leo kiasi hicho kisingeninyima usingizi. Siku zile nilitia chembechembe za kunyonya fosfeti mara mbili ya kiasi kilichoandikwa, nikawapunja samaki chakula na kubadilisha maji mara mbili kwa wiki. Baada ya wiki mbili fosfeti ilisoma sifuri, na naitreti, kirutubisho kingine, nayo sifuri. Nikajipongeza.

Wiki ya tatu tumbawe langu la zambarau, montipora, likawa na rangi ya maziwa. Akropora, matumbawe yangu ya matawi, zikaanza kubabuka nchani. Kisha mchanga ukafunikwa na makamasi ya kahawia yenye viputo, na konokono wakawa wanadondoka kwenye kioo mmoja baada ya mwingine.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuona rangi nyeupe na kudhani weupe wote ni mmoja. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi viumbe wa seli moja, zuzanthela, wanaotumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wao. Tumbawe likizidiwa na joto au mwanga, huwapoteza viumbe hao, nyama ikabaki angavu na kiunzi cha chokaa kikaonekana kwa ndani. Hilo limepauka, lakini bado lina uhai. Subiri taa zizimwe, umulike kwa tochi kutoka ubavuni: ukiona vinyama vimechomoza, bado una mgonjwa wa kumuuguza, na rangi inaweza kurudi baada ya wiki au miezi. Kama nyama imebabuka na kubaki chokaa tupu, sehemu hiyo imekwisha, na baada ya siku chache utauona mwani ukiota juu yake. Lililogeuka kahawia ni habari nyingine kabisa. Mara nyingi zuzanthela wamekuwa wengi mno, kwa mwanga hafifu au maji yenye virutubisho vingi. Halipendezi, ila haliko mahututi.

Ukishajua ni weupe gani, tazama ulikoanzia. Mimi hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwenye vipimo. Upande wa juu umepauka na chini kwenye kivuli rangi ipo? Shuku taa, hasa kama umebadilisha taa au umelipandisha tumbawe karibuni. Ncha zimeungua? Angalia alkaliniti, yaani akiba ya kaboneti majini ambayo tumbawe hujengea kiunzi, inayopimwa kwa dKH. Ikiwa juu, tuseme dKH 10 au 11, huku virutubisho viko karibu na sifuri, akropora huungua nchani, na ndicho kilichozipata zangu. Mimi naishikilia kwenye 8. Kuyumba kwake kunanitisha kuliko namba yenyewe: tangi lililozoea 7.5 linaishi vizuri kuliko linaloruka kutoka 7 hadi 9 kwa siku moja. Nyama ikibabuka kuanzia shinani, naangalia kama alkaliniti imeporomoka na kama maji yanapita vizuri chini ya tumbawe.

Likiugua tumbawe moja tu na majirani wako salama, acha maji kwanza. Huenda kuna jirani mkorofi. Yufilia, tumbawe lenye minyiri mirefu, huirefusha zaidi usiku na kuchoma chochote kinachofikiwa. Au kuna mdudu: geuza montipora uangalie chini yake kama kuna konokono uchi weupe wadogo na mayai yao. Lakini yakinywea yote kwa pamoja, hapo ni maji au joto.

Na kabla ya kuyatibu maji, hakikisha kipimo kinasema kweli. Niliwahi kuisawazisha rifraktomita yangu, chombo cha kupimia chumvi, kwa maji matupu kwa miezi, ikinionyesha chumvi 35 kwa elfu. Nilipoijaribu kwa maji maalumu ya kusawazishia, yenye chumvi 35 kamili, ikasoma 38. Kwa maneno mengine, tangi langu lilikuwa kwenye 32 au hapo karibu muda wote huo. Joto nalo pima kwa kipimajoto cha pili. Namba iliyo kwenye hita ni ahadi tu.

Sasa mwani. Vumbi la kahawia kwenye tangi changa lenye wiki chache kwa kawaida ni daiatomu, mwani wa seli moja. Liache, litapita lenyewe. Utando mwekundu au wa zambarau unaobanduka kama ngozi ni sayanobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mwani, na mara nyingi hutanda mahali ambapo maji yamelala na uchafu umetuama. Nywele za kijani zinakula virutubisho, hata kama kipimo kinasoma sifuri, maana kipimo husoma kilichobaki majini, si kilichokwisha kuliwa.

Kinachodanganya wengi ni yale makamasi ya kahawia yenye nyuzi na viputo. Hayo huwa ni dinoflajeleti, viumbe wadogo wa seli moja, na hupenda tangi lililosafishwa kupita kiasi. Asubuhi mchanga ni safi, jioni umefunikwa. Jaribio ni rahisi: nyonya kidogo kwa bomba la sindano, tia kwenye chupa yenye maji ya tangi, tikisa mpaka yasambaratike, chuja kwa shashi, kisha weka maji yaliyochujwa chini ya taa kwa saa moja. Nyuzi zikijishona upya, umewapata. Ukiweza kuazima hadubini, bora zaidi, kwa sababu dawa inategemea aina. Ostreopsis huelea majini usiku, kwa hiyo taa ya urujuanimno (UV), inayosafisha maji yanayopita ndani yake, huwapunguza sana. Amphidinium hubaki mchangani, na taa hiyo utakuwa umeinunua bure.

Tahadhari moja, tafadhali: usinyonye maji ya tangi kwa mdomo ili kuuanzisha mpira wa kutolea maji. Baadhi ya dinoflajeleti wana sumu, na baadhi ya zoanthidi, jamaa wa matumbawe wasio na kiunzi, wana palitoksini, sumu kali mno. Vaa glavu na miwani, na usichemshe mawe ya tangi kamwe.

Tiba yangu ilikuwa kinyume cha yote niliyokuwa nikiyafanya. Nilitoa chembechembe, nikasimamisha kubadilisha maji, nikawalisha samaki vizuri, na nikaongeza naitreti na fosfeti kidogo kidogo mpaka naitreti ikasimama kwenye 5 hadi 10 na fosfeti kwenye 0.05 hadi 0.1 mg kwa lita. Kumwaga mbolea kwenye tangi lenye uchafu kunahitaji moyo, nakiri. Alkaliniti niliishusha taratibu hadi 8. Kila badiliko niliandika kwenye daftari na tarehe yake, nikangoja wiki nzima kabla ya kugusa kingine. Mwanzoni nilikuwa nikibadilisha vitu vitatu kwa siku, na kilipoharibika kitu sikuwa na wa kumlaumu.

Ilichukua karibu miezi mitatu. Akropora mbili zilikufa, ya tatu niliikata juu ya sehemu iliyobabuka, nikabandika kipande kizima kwenye jiwe jipya, kikashika. Montipora ilirudisha zambarau yake ikianzia katikati kuelekea ukingoni.

Jiwe lile karibu na pampu bado lina nywele chache. Kila Jumamosi nazinyofoa kwa vidole, konokono wanamalizia.