Ndama wa nyumbu: Februari, siyo Agosti

Ndugu, umesema umeambiwa uende Serengeti Agosti kupiga picha za nyumbu wakizaa. Hapana: nenda Ndutu, kusini mwa Serengeti, kuanzia mwisho wa Januari hadi mwanzo wa Machi. Kilele ni Februari. Agosti ni ya nyumbu kuvuka mto Mara, kaskazini kabisa, na ndama wakati huo wameshakua.

Nyumbu wanarudi kusini kwa sababu udongo wa kule umetokana na majivu ya volkano. Nyasi zake ni fupi lakini zina kalsiamu na fosforasi nyingi, ndizo mama anayenyonyesha anazohitaji. Nimekwenda Februari mara mbili: ndama anasimama dakika chache baada ya kuzaliwa, kwa hiyo kamera iwe tayari mkononi! Na ukipenda ndege, korongo weupe waliotoka Ulaya bado wako mbugani.

Angalia tu mpaka wa Ngorongoro na Serengeti, unaopita hapo Ndutu. Upande wa Ngorongoro gari huruhusiwa kuacha njia msimu huo. Ukiingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, baki barabarani. Mvua ikichelewa, makundi nayo huchelewa, basi usiende kwa siku mbili tu.